WATOTO WA KAMBA WALIOPEWA MAJINA YA WANYAMA WENGINE

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Darsa letu la leo ni la historia, na linahusu kitu kidogo kuliko punje ya mchele: yai la kamba. Upana wake ni takriban robo ya milimita. Ukilidondosha kwenye kiganja huwezi kuliona vizuri. Najua yupo atakayeuliza, "Sheikh, leo umeishiwa mada?" Ndugu yangu, soma mpaka mwisho, halafu nenda jikoni ukatazame ndoo ya uduvi. Tutaonana hapo.

Sisi wa Miono hatukai ufukweni. Lakini barabara inayotoka Mandera inapita kwetu kuelekea Saadani, na kitoweo cha Saadani kinapita kwetu kikielekea bara. Bahari ya Bagamoyo hadi Saadani, inakomwaga maji yake mto Ruvu na mto Wami, ni moja ya sehemu kuu za kamba katika nchi yetu, pamoja na delta ya Rufiji. Kwa hiyo habari ya yai la kamba ni habari ya sufuria zetu.

1. KUONA KUNAANZIA WAPI

Tuanzie Basra, bandari ya Ghuba ambayo watu wa mwambao huu waliijua kwa majahazi na tende. Mji huo ndio aliozaliwa, mnamo mwaka 965, mwanachuoni Al-Hasan Ibn al-Haytham. Aliishi na kufanya kazi Misri, na huko Kairo akafariki karibu na mwaka 1040. Katika kitabu chake kikubwa, Kitab al-Manazir, alieleza kwamba jicho linaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Kabla yake walikuwepo wakubwa wa Kiyunani waliosema jicho lenyewe ndilo linalotoa miale kwenda kukigusa kitu. Yeye hakutosheka na maneno ya wakubwa. Alitumia chumba cha giza, tundu dogo na taa, akajaribu, akarudia, akapima.

Sasa hapa nawaomba tuwe wakweli. Huwa napokea picha zenye maandishi kwamba Ibn al-Haytham ndiye aliyegundua hadubini. Hakuigundua. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini karibu na mwaka 1200, kikasomwa Ulaya kwa karne nyingi, na elimu yake ya mwanga ikawa sehemu ya msingi wa waliokuja baadaye. Miwani ilianza kutumika Italia mwishoni mwa karne ya 13. Hadubini yenye lenzi mbili ilipatikana karibu na mwaka 1600. Na miaka ya 1670, muuza vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, alisugua vioo vidogo kwa mkono wake mwenyewe, akaona ndani ya tone la maji viumbe ambavyo hakuna aliyekuwa ameviandika kabla yake. Mwaka 1677 akaona mbegu za uzazi zikiogelea.

Mtu wetu ana heshima yake ya kweli na inamtosha. Kumpamba kwa uongo ni kumdhulumu.

2. KOSA LA WALIOONA KWANZA

Vioo vilipopatikana, watu wa Ulaya walianza kuchota maji ya ziwa na ya bahari na kutazama. Na hapa ndipo kisa kinaponoga.

Mwaka 1785 ilichapishwa kazi ya Mdenishi Otto Friedrich Müller, aliyeandika juu ya kiumbe kidogo chenye miguu jozi tatu na jicho moja katikati ya kichwa. Akakihesabu kuwa aina kamili ya mnyama, akampa jina la Nauplius. Mwaka 1802, Mfaransa Louis Bosc akaeleza kiumbe kingine cha baharini, chenye macho makubwa na miiba mirefu mgongoni. Naye akakihesabu mnyama kamili, akamwita Zoea.

Majina yakaingia vitabuni. Wanafunzi wakayasoma. Nauplius ni mnyama, Zoea ni mnyama, kaa ni mnyama, kamba ni mnyama, kila mmoja na ukurasa wake.

Akaja daktari wa jeshi, John Vaughan Thompson. Huyu aliwahi kutumikia Mauritius na Madagaska, katika bahari hii hii yetu ya Hindi, kisha akapelekwa Cork, Ireland. Huko, miaka ya 1820, alikuwa akikokota wavu wa kitambaa laini bandarini na kutazama alichopata. Alimweka Zoea kwenye chombo cha maji ya bahari na kumchunga. Zoea alianza kujivua gamba na kubadilika umbo. Baadaye Thompson akachukua mayai kutoka chini ya tumbo la kaa jike, akayaacha yaanguliwe mbele ya macho yake. Waliotoka walikuwa Zoea.

Kumbe Zoea hakuwa mnyama wa peke yake. Alikuwa mtoto wa kaa!

Walimpinga. Na waliompinga hawakuwa wajinga. Mwanachuoni wa Kijerumani, Heinrich Rathke, alikuwa amechunguza kwa makini sana mayai ya kamba wa mtoni wa Ulaya, akatoa kitabu mwaka 1829. Mtoto wa kamba yule hutoka kwenye yai akiwa tayari anafanana na mama yake. Basi watu wakasema: kama huyu habadiliki, kaa naye atabadilikaje? Rathke alisema kweli kuhusu mnyama wake, na Thompson alisema kweli kuhusu mnyama wake. Kosa lilikuwa la wale waliochukua ukweli wa mmoja wakaufanya sheria ya wote.

Ndugu yangu msomaji, simama hapo kidogo. Mara ngapi tunafanya hivyo misikitini na vijiweni? Umemwona mtu mmoja wa kabila fulani, umekwisha hukumu kabila zima.

3. KAMBA ALIKUWA MGUMU ZAIDI

Kaa alirahisisha kazi kwa sababu jike hubeba mayai yake tumboni. Unamshika mama, unapata mayai. Kamba wetu wa Saadani, yule mweupe na yule mkubwa mwenye mistari, hafanyi hivyo. Jike huenda kwenye maji ya kina, huyaachia mayai usiku moja kwa moja baharini, kwa laki na malaki, na huyaacha. Mayai yanashuka polepole. Baada ya saa 12 hadi 18 yanaanguliwa. Nani atayafuata huko gizani?

Mwaka 1863, Fritz Müller, Mjerumani aliyehamia kusini mwa Brazili, alitoa habari kwamba amemkuta baharini Nauplius ambaye kwa maoni yake ni mtoto wa kamba. Alikuwa amekusanya viluwiluwi vya hatua mbalimbali na kuvipanga mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayepanga picha za utoto mpaka utu uzima. Ilikuwa kazi ya akili kubwa. Lakini hakuanza na yai lililotagwa na mama anayejulikana, kwa hiyo mnyororo ulikosa pete ya kwanza.

Pete hiyo ilipatikana Japani, miaka 71 baadaye. Mwaka 1934, Motosaku Fujinaga alifaulu kuwatagisha kamba waliofungiwa na kuyaangua mayai yao. Kutagisha kulikuwa mwanzo tu. Watoto walikufa kwa njaa kwa sababu hakuna aliyejua wanakula nini. Ikabidi kuotesha mimea midogo mno ya baharini, ambayo nayo haionekani bila hadubini, ili kulisha viumbe wasioonekana bila hadubini. Mwaka 1942 alichapisha kazi yake nzima, hatua kwa hatua kutoka yai mpaka kamba kamili.

Sikiliza alichoonyesha, kwa sababu ndivyo ilivyo pia, kwa jumla, kwa kamba wa pwani yetu.

Yai linagawanyika: moja linakuwa mawili, mawili yanakuwa manne, manne yanakuwa manane. Kwa kuwa linapenyeza mwanga, mtazamaji anaona mpaka mtoto anapoanza kutikisa miguu ndani ya ganda. Anatoka Nauplius. Huyu hali kitu, anaishi kwa kiini alichopewa na mama, na kwa muda wa siku mbili hivi anajivua gamba mara kadhaa. Kisha anageuka kuwa Zoea, na sasa anaanza kula ile mimea midogo inayoelea. Siku chache baadaye anakuwa Mysis. Jina hili ni la mnyama mwingine wa kweli, na mtoto wa kamba alipewa kwa sababu katika hatua hiyo anafanana naye. Anaogelea kinyumenyume, kichwa kikiwa chini. Yapata siku kumi au kumi na mbili tangu kuanguliwa, ndipo anapoanza kuwa na sura ya kamba, urefu wake ukiwa chini ya sentimita moja.

Yule aliyepewa majina matatu ni mmoja. Subhanallah.

4. VIOO VYA LEO

Fujinaga na waliomtangulia walichora kwa mkono. Jicho kwenye kioo, penseli kwenye karatasi, na kiumbe hakitulii. Tatizo jingine ni kwamba yai ni la mviringo kama mpira: ukiuona vizuri upande wa juu, wa chini unakuwa ukungu.

Mwaka 1957, Mmarekani Marvin Minsky aliomba hataza ya hadubini inayotupa mwanga kwenye nukta moja tu kwa wakati na kuuzuia mwanga wa sehemu nyingine kwa tundu dogo. Tundu dogo! Ukikumbuka chumba cha giza cha Ibn al-Haytham, utaona elimu ya mwanga ni safari ndefu. Leo mwanga huo ni wa leza. Mashine inapiga picha ya tabaka moja la yai, inashuka kidogo, inapiga tena, kama mtu anayefungua kitunguu ganda kwa ganda bila kukikata. Kompyuta inayapanga matabaka na kukuonyesha kiumbe kizima. Sehemu anayotaka mtafiti, labda mishipa ya fahamu au misuli, inatiwa rangi inayong'aa ili ionekane peke yake gizani.

Na picha hizi ndizo zinazotufikia kwenye simu zetu, zikiwa na maandishi: "Sayansi imethibitisha Qur'ani." Ndugu zangu, Suratul Muuminun kuanzia aya ya 12, na Suratuz Zumar aya ya 6, zinazungumzia kuumbwa kwa mwanadamu hatua baada ya hatua. Ukichukua picha ya yai la kamba au la kiumbe kingine cha bahari, ukaibandika chini ya aya hizo na kusema ni mtoto wa binadamu, umemfundisha asiyeamini kwamba Waislamu hawahakiki. Suratul Hujurat aya ya 6 inatuamrisha kuhakiki habari. Aya hiyo haijatoa ruhusa kwa habari zinazotufurahisha.

5. VIOO VILIVYOPITA BAGAMOYO

Huenda ukadhani mambo haya yote yalikuwa ya mbali. Mwezi Aprili 1890, msafara wa Emin Pasha uliondoka Bagamoyo kwenda bara. Aliyefuatana naye ni Mjerumani Franz Stuhlmann, ambaye miaka minne kabla yake, 1886, alikuwa amechapisha utafiti juu ya namna mayai ya wadudu na buibui yanavyokomaa. Kwa hiyo mjuzi wa mayai yanayotazamwa kwa hadubini alikanyaga mchanga wa Bagamoyo zaidi ya miaka 130 iliyopita. Alikusanya pia viumbe vya bahari ya Zanzibar na pwani hii, na vikapelekwa makumbusho ya Ujerumani. Hata leo vipo viumbe kadhaa vyenye jina la stuhlmanni.

Wapagazi waliobeba mizigo ya misafara ile walikuwa babu zetu. Mzigo ulibebwa na mabega ya hapa, elimu ikasomwa kule. Silalamiki, nataka tuione njia ilivyokuwa ili tujue pa kurekebisha. Sasa tunacho chuo cha uvuvi Mbegani, hapo hapo Bagamoyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo cha bahari Kunduchi na taasisi yake ya sayansi za bahari Zanzibar. Mzazi mwenye kijana anayependa viumbe, usimwambie elimu hiyo si ya Muislamu wala si ya mtu wa pwani. Ni nani aliye karibu zaidi na kamba kuliko mtoto wa Saadani?

6. SASA TURUDI KWENYE NDOO

Nilikuahidi ndoo ya uduvi. Hii hapa.

Yule mtoto wa kamba, akishafikia sura ya kamba, haendelei kukaa kwenye maji ya kina. Maji kujaa yanamsukuma kuelekea pwani, na anaingia kwenye midomo ya mito na vijito vya mikoko. Huko maji yana chumvi kidogo, chakula kipo, na mizizi ya mikoko inamficha asiliwe na samaki. Anakaa miezi michache, anakua, kisha anarudi bahari kuu kuzaa. Mikoko ya Wami na Ruvu ndiyo chuo chake cha kwanza.

Na huko huko ndiko tunakotanda uduvi kwa chandarua.

Uduvi wa kweli ni mnyama mdogo wa aina yake, mtu mzima hata akiwa na urefu wa sentimita mbili au tatu. Kumvua si tatizo. Lakini chandarua hakichagui. Ndani ya ndoo ile ile wamo watoto wa kamba, na sisi tunawaita wote "uduvi", tunawaanika pamoja, tunauza kwa kopo. Unaona kosa lilivyo? Ni lile lile la Otto Friedrich Müller na Louis Bosc. Wao walimwona mtoto wakamdhani mnyama mwingine. Sisi pia. Tofauti ni kwamba kosa lao liliharibu ukurasa wa kitabu, na letu linamaliza kitoweo cha mwakani.

Unaweza kuwatofautisha mwenyewe. Chukua kioo cha kukuzia, au simu yenye kamera nzuri. Mtoto wa kamba ana upanga mbele ya kichwa, mrefu, wenye meno kama msumeno. Ana jozi tano za miguu ya kutembelea. Uduvi upanga wake ni mfupi sana, na ana jozi tatu tu za miguu hiyo. Hesabu ndoo ya leo: wangapi ni uduvi, wangapi ni watoto?

Wala nisionekane nawalaumu kina mama wanaotanda ili watoto wale usiku. Haki isemwe. Kwa miaka mingi meli za kukokota nyavu zilivua kamba katika bahari hii, zikizoa pia samaki wadogo waliotupwa wakiwa wamekufa, mpaka mavuno yakashuka, na mwishoni mwa mwaka 2007 serikali ikasimamisha uvuvi huo wa meli. Wapo pia waliokata mikoko kwa ajili ya boriti, mkaa na mashamba ya chumvi. Mwenye meli, mwenye shoka na mwenye chandarua, kila mmoja ataulizwa kwa kadiri ya mkono wake.

7. HUKUMU YA KAMBA NA HUKUMU YA MVUVI

Kuna swali linakuja kila ninapotaja kamba: je, ni halali? Kwa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata watu wa mwambao huu, viumbe vya bahari ni halali, na dalili yao mashuhuri ni Suratul Maida aya ya 96. Kwa Mahanafi kinachohalalishwa ni samaki, kwa hiyo wanachuoni wao walitofautiana: wapo waliomhesabu kamba kuwa samaki kwa kuwa wataalamu wa lugha ya Kiarabu walimwita hivyo, na wapo waliosema umbo lake si la samaki. Tuheshimiane katika hilo. Tazama tu namna jina la kiumbe kidogo linavyoweza kubeba hukumu nzima.

Lakini uhalali wa kamba hauhalalishi kila njia ya kumpata. Msingi wa fiqhi wa kuzuia madhara unajulikana na kila aliyekaa darasani. Ulipokuwa hujui, ulikuwa na udhuru. Sasa umejua kwamba kwenye mizizi ile kuna watoto, udhuru umepungua.

Nini cha kufanya? Mambo matatu tu, yanayowezekana.

La kwanza, wanaotanda wakae na viongozi wa vijiji na kamati za uvuvi wakubaliane ni vijito gani viachwe kabisa viwe malezi ya kamba.

La pili, kabla ya kukata mkoko, hesabu faida ya boriti moja, halafu hesabu kamba waliolelewa chini yake kila mwaka. Wewe ni mfanyabiashara, hesabu hiyo unaiweza.

La tatu, madrasa zetu. Hadubini ya kufundishia si kitu cha ajabu, na wanavijiji wakichangishana inaweza kupatikana. Mtoto akitazama tone moja la maji ya mkondo wa Wami na kumwona Zoea akitapatapa, hutahitaji kumhutubia saa nzima kuhusu amana.

Waliomtambua mtoto wa kamba hawakuwa na macho makali kuliko wengine. Walikuwa na subira: walimweka kwenye maji, wakamlisha, wakangoja ajivue gamba aseme mwenyewe yeye ni nani. Tangu jina alilompa Müller lilipochapishwa mwaka 1785 mpaka Fujinaga alipomwangua yaima mwaka 1934 ni miaka 149. Nasi tunataka kumhukumu mtu kwa sekunde kumi za video.

Tumwombe Allah atupe macho yanayoona kidogo na kukiheshimu, mikono inayovua bila kufisidi, na atuwekee baraka katika bahari yetu, sisi na wajukuu wetu. Amin.

Ukiona darsa hili lina faida, lipeleke kwa mvuvi mmoja na kwa mama mmoja anayeuza uduvi. Na ukimfikishia mama, mfikishie kwa adabu, ukiwa umenunua na kopo lake.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.